Televisheni Iliyowakimbia Wageni

Kijana akija kwangu na simu mkononi, huwa namuuliza: unajua humo ndani mna vipande vya jiwe vinavyotetemeka? Wengi hucheka. Wengine huniangalia kwa huruma, wakidhani uzee umeshanipanda kichwani. Basi mimi humwambia akae, maana habari yenyewe haielezeki mtu akiwa wima, na kiti ni bure. Hicho ndicho kitu pekee dukani kwangu ambacho sikuwahi kukitajia bei.

Nilitengeneza redio na televisheni Likoni miaka ya themanini na tisini yote, mpaka macho yalipoanza kuona miguu miwili ya kifaa penye mguu mmoja. Ufundi nilifunzwa na Mzee Kazungu, Mgiriama wa Kaloleni, mtu mpole mwenye mikono mikubwa kama makasia. Kabla ya chai ya asubuhi aliamini vitu viwili tu: Mungu na risasi ya kuchomea. Baada ya chai aliamini na wateja, lakini kidogo.

Mimi sikuamini mtu wala skrubu. Nilizihesabu nikifungua, nikazihesabu tena nikifunga. Ikizidi moja, nafungua upya. Ikipungua moja, namtazama mwenye televisheni usoni nione kama ametambua.

Sasa hilo jiwe. Ndani ya televisheni za rangi za wakati ule mlikuwa na kibati kidogo chenye miguu mitano. Kilikaa kimya, hakipati moto, hakitoi moshi, hakina hata rangi ya kumvutia mtu. Mafundi tulikiita filta ya soo, yaani chujio la mawimbi. Miezi yangu ya mwanzo nilikiona kama pambo, mpaka siku Mzee Kazungu alipokitoa kwenye TV iliyokufa akanitilia kiganjani.

"Bakari, hiki nini?"

"Kibati, mzee."

"Na ndani?"

"Sijui."

"Haya, tukifungue. Kwenye maiti hakuna cha kuharibu."

Akakikereza kifuniko kwa msumeno mdogo. Ndani mlikuwa na kipande cha jiwe king'aavu, chembamba kuliko ukucha, kimechorwa mistari ya bati laini kila upande. Tulipokitia chini ya kioo cha kukuzia nikaona ile mistari ni kama vitana: vitana viwili huku, meno yamepishana, na vitana viwili kule.

Akanipeleka nyuma penye beseni la maji. Akagonga ukingo kwa kidole. Viwimbi vikatoka, vikapita juu ya maji, vikafika upande wa pili.

"Umeme unaingia kwenye vitana vya huku," akasema. "Jiwe linatetemeka. Mtetemo unakimbia juu ya ngozi yake, kama hivi. Ukifika kule, vitana vya pili vinaugeuza kuwa umeme tena. Na meno ya kitana yana nafasi zake. Wimbi linaloenda sawa na nafasi hizo linapita, jingine linabaki mlangoni. Ndipo TV inapopata stesheni moja, haichanganyi na kelele za dunia nzima."

Kisha akadondosha jani kwenye beseni, akagonga tena. Viwimbi vikafika kwenye jani vikalegea.

"Umeona? Kwa kuwa unakimbia juu ya ngozi, chochote kikiigusa ngozi hiyo, wimbi linajua. Umande, vumbi, mafuta ya kidole chako ulichokula nacho mbaazi. Ndiyo maana wakakifungia kwenye bati."

Nilikuwa kweli nimekula mbaazi. Nikajipangusa.

Na hapa niwape ushauri wa mkono kabla sijasahau. Kibati hiki ukikiunguza kwa chuma cha kuchomea, muhuri wake unaachia na hewa inaingia. Chuma kisikae mguuni zaidi ya pumzi moja. Mimi nilikuwa nikisema bismillahi nzima kisha natoa. Mzee Kazungu alikuwa mtu wa kanisa, alisema "Baba yetu uliye mbinguni" kisha anatoa. Vibati vya pande zote mbili vilipona.

Basi, siku moja ya Jumamosi akaingia Bi Rukia, mjane wa hapo hapo Likoni, jirani na duka. Nyuma yake vijana wawili wamebeba televisheni yake kama wabebavyo mgonjwa. Mwanawe baharia ndiye aliyeileta kutoka safari, na mtaani ilijulikana kwa jina kuliko watu wengine.

"Shikamoo, Bi Rukia."

"Marahaba, mwanangu. Hii TV itazameni. Watu wasema ina jini."

Mzee Kazungu akaweka kikombe chini. "Jini wa rangi ama wa nyeupe na nyeusi?"

"Kazungu, usinifanyie mzaha, nina mambo mimi!"

Akatueleza. Siku zote TV haina neno. Lakini kila Alhamisi jioni, akishachoma udi wa kuukaribisha usiku wa Ijumaa, picha inakwisha na kubaki chenga tupu, kioo chote kama mchele uliomwagwa, na sauti inapotea. Baada ya muda inarudi yenyewe. Na si Alhamisi tu. Wageni wakija, udi ukiwashwa kwa heshima yao, TV inafanya vile vile.

Na wageni wenyewe ndio waliokuwa mtihani. Binti yake, Mwanajuma, alikuwa ameposwa na kijana wa Mtongwe. Vijana wenyewe wanapendana, na mtaa mzima unajua ingawa unajifanya haujui. Mama wa kijana, Bi Zuhura, alikuja mara ya kwanza: udi ukawashwa, TV ikatoka chenga. Akaja mara ya pili: udi, chenga. Akasimama akavaa buibui lake.

"Aliniambia hivi," Bi Rukia akasema, sauti imeshuka. "'Dada yangu, nyumba yenye kitu kisichopenda udi, mwanangu hataoa humo.' Nimemwomba sana. Atakuja Ijumaa hii jioni, mara ya mwisho. Ikiwa vile tena, posa imekwisha. Na mtoto wangu hali chakula, anatazama ukuta."

Nikamwuliza swali la kijinga lenye akili: "Si uizime tu siku hiyo?"

"Niizime? Aseme naficha? Alishasema, 'Na TV niikute inawaka.'"

Sasa mjue, siku hizo stesheni ilifunguliwa jioni. Mchana mzima televisheni haina cha kuonyesha, na fundi hana cha kupimia. Tukangoja. Jioni tukaiwasha pale dukani: picha safi kama maji ya kisima. Jumapili, safi. Jumatatu, safi. Nikabadilisha waya wa antena, nikachomea upya kila kiungo kilichonitazama vibaya, nikaugonga ubao wa ndani wa vifaa kwa kalamu. Safi!

"Tumrudishie," nikasema. "TV nzima. Jini ni wa Bi Zuhura mwenyewe."

Mzee Kazungu akanijibu bila kuinua kichwa. "Mgonjwa anaumwa kwake, wewe wamtibu kwako. TV itarudi nyumbani, na sisi tutakwenda nayo."

Alhamisi jioni tukawa kwa Bi Rukia. Ukumbi wake ulikuwa nadhifu kupita kiasi: mikeka, picha za ukutani, na TV juu ya meza yake, mgongo wake kwenye kona karibu na mlango wa uani, imefunikwa kitambaa cha kusuka. Juu ya kitambaa, sahani ya maji yenye asumini. Mwanajuma alituamkia kwa nyuma ya pazia, sauti yenye mafua ya kulia. Dirishani walikwishajaa majirani, maana habari ya jini hailipiwi tikiti.

TV ikawashwa. Picha safi. Bi Rukia akaleta chetezo, akatia udi juu ya makaa. Moshi ukapanda, harufu ikajaa mpaka majirani wakafumba macho kwa raha. Sote tukatazama kioo.

Picha safi.

"Ngoja," Bi Rukia akasema. "Hajafika bado."

Tukangoja. Nikakizungusha chetezo mbele, nyuma, ubavuni. Nikaifukiza TV mara mbili kama bwana harusi. Picha haikutikisika. Dirishani mtu akasema, "Jini anawaogopa Wagiriama," wakacheka, na Mzee Kazungu akacheka nao.

Kisha akauliza, taratibu, kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichotaka kununua: "Bi Rukia, Alhamisi nyingine wafanya nini kingine hapa? Kila kitu, hata kisicho na maana."

"Kitu gani? Nachoma udi, natandika, namimina kahawa..."

"Kahawa iko wapi leo?"

"Uani. Leo nimeona haya kuileta seredani na makaa yake mbele ya mafundi. Siku zote naileta hapa ndani, naiweka pale konani, kahawa ikae moto na makaa ya udi yawe karibu."

Tukatazama kona. Pale pale nyuma ya TV.

"Ilete," Mzee Kazungu akasema. "Na udi utoe nje."

Seredani ikaja, dele la kahawa ya tangawizi juu yake linatokota, mdomo wake unapumua mvuke. Likakaa konani. Mvuke ukapanda polepole, ukaingia kwenye matundu ya mgongo wa TV. Kabla hujavuta pumzi mbili, picha ikaanza kufifia. Kisha chenga! Kioo kizima. Majirani wakapiga ukelele, mmoja akaangukia ndani kupitia dirishani.

"Jini gani huyu," nikasema, "asiyejali udi na anayekimbia kahawa?"

Tulipofungua mgongo, jibu lilikuwa linatungoja. Sahani ile ya asumini ilikuwa ikidondosha maji kidogo kidogo kupitia matundu ya juu, pengine tangu TV iletwe. Pamoja na hewa yetu hii ya chumvi, kifuniko cha filta kilikuwa kimeliwa na kutu, kimetoboka matundu madogo kama chujio. Hewa ikiwa kavu, jiwe linafanya kazi yake. Mvuke ukiingia, unatua juu ya lile jiwe baridi, unakuwa umande, na wimbi linazama humo humo. TV ikishapata moto, umande unakauka, picha inarudi. Mkosaji na asiye na kosa walikuwa wakiingia ukumbini pamoja kila Alhamisi, na watu wakamkamata yule mwenye harufu.

Bi Rukia akaondoa asumini. Lakini hakuchangamka. "Mimi nimewaelewa. Bi Zuhura je? Mkimtilia kibati kipya atasema mmemfunga jini, kesho atafunguka."

Hilo lilikuwa neno la kweli, na ndilo lililotukosesha raha njiani. Kutengeneza TV ilikuwa nusu ya kazi. Nusu ya pili ilikuwa kumtengeneza mama mkwe.

Asubuhi ya Ijumaa nikavuka feri kwenda Changamwe kwa muuza vyuma vikuukuu aliyekuwa na TV zilizokufa zimepangwa kama matofali. Sheria ya kwanza ya kununua kitu unachokihitaji sana ni kukipita. Nikashika spika, nikashika vifundo vya redio, nikaguna. Mwisho nikaiinua TV ya aina ile ile kama naisogeza nipite.

"Hiyo nzuri hiyo," akasema.

"Nzuri ya kukalia."

"Wataka nini ndani yake, yakhe? Sema tu, nakuona macho."

Nilikuwa na spika nzima mfukoni ya kubadilishana. Alitaka spika na transfoma. Nikampa spika nikamsifu mkewe kwa chai aliyonipa. Nikatoka na filta, na kifundo cha redio juu, kwa kuwa sikuweza kumwacha mtu anaamini ameshinda kabisa.

Kabla sijafika Ijumaa yenyewe, niwape haya mengine, maana yanatoka kwenye kibati kile kile. Miaka ya tisini zilikuja kengele za gari za kubonyeza kwa mbali. Madereva wa teksi wa Airport kule Changamwe wakanunua za bei rahisi. Jua likipiga, kibonyezo kinahama masafa yake, dereva anabonyeza mpaka kidole kinavimba na gari linamtazama tu. Nikawatilia ndani kibati kidogo cha jiwe hilo hilo, cha namna yake, nao mtetemo ukasimama mahali pamoja, jua lisijue la kufanya. Na kile kibati cha Bi Rukia kilichotoboka, Mzee Kazungu alikifungia ubao wake na sindano ya mita, akakitundika kwenye ghala la binamu yake la korosho. Hewa ikiwa na unyevu, sindano inaanguka, na binamu anajua ni wakati wa kufungua milango na kuanua magunia. Watu wa ng'ambo walikwishafika mbali kuliko sisi, nilikuja kusoma baadaye: wanakifungua kibati kwa makusudi, wanalipaka lile jiwe dawa inayonasa kitu kimoja tu, gesi fulani au mvuke fulani, na wimbi likichelewa kidogo wanajua kitu hicho kipo. Wengine wanalitumia kupima joto la kitu kinachozunguka, pasipofika waya. Kosa la TV ya mjane, kwao ni kipimo. Nyinyi mnaosoma ufundi, kitu kikikosea kwa utaratibu, kila mara kwa sababu ile ile, msikitupe. Kinajaribu kuwaambia jambo.

Haya, Ijumaa. Jioni, stesheni imeshafunguliwa, Bi Zuhura akaingia na wifi zake, mrefu, mwembamba, macho yake yanahesabu kila kitu mara mbili, nikampenda papo hapo. TV ilikuwa inawaka kama alivyoagiza, ila mgongo wazi. Mzee Kazungu alikuwa ametia soketi ya matundu matano kwenye ubao ili filta ichomekwe na kuchomoka bila moto. Mle tulikuwa tumechomeka ile mbovu, nayo tumeiondoa kifuniko kabisa.

"Hawa ni nani?" Bi Zuhura akauliza.

"Mafundi, dada," Bi Rukia akajibu.

"Mafundi wa TV ama waganga?"

"Wa TV, mama," nikasema. "Waganga wana bei nzuri kuliko yetu."

Hakucheka, lakini wifi mmoja alifunika mdomo kwa leso.

Nikampa ncha ya mpira mrefu mwembamba, ule wa waashi wa kupimia usawa wa ukuta. Ncha ya pili nilikuwa nimeifunga juu ya lile jiwe. Na nyinyi msije mkajaribu kusogeza uso nyuma ya TV inayowaka: mna umeme mle wa kumrusha mtu mpaka Mtongwe bila nauli.

"Tazama kioo, mama, kisha pumua humo. Polepole, kama unapasha mikono joto."

"Nipumue? Mimi?"

"Wewe mwenyewe. Mimi nikipumua utasema nina dawa."

Akaufuta mpira kwa pembe ya buibui, akautia mdomoni, akapumua.

Chenga.

Wifi zake wakasogea nyuma wote pamoja. Yeye akautoa mpira. Tukangoja. Chenga zikapungua, sura za watu zikarudi kwenye kioo, sauti ikarudi. Akapumua tena. Chenga. Akautoa. Picha. Akapumua mara ya tatu bila kuambiwa, na safari hii niliona ukingo wa mdomo wake unapigana na kicheko.

"Wallahi," akasema, "kumbe jini ni mimi!"

"Pumzi ina maji, mama," Mzee Kazungu akamwambia. "Na kahawa ikichemka ina maji zaidi. Kahawa ya heshima yako ndiyo iliyokuwa ikiizima. Udi hauna lawama."

"Na dawa yake?"

Nikaizima TV, nikachomoa kibovu, nikachomeka kizima, nikahesabu miguu mitano, nikaihesabu tena. Nikawasha. Picha ikasimama.

Bi Zuhura akakaa chini, akanyoosha miguu, akawa kama aliyekuja sokoni asubuhi na mapema. "Leteni udi. Na kahawa. Vyote pamoja, na viwekwe pale pale."

Bi Rukia akaleta chetezo. Seredani ikaja, dele linatokota, likawekwa konani. Moshi na mvuke vikapanda pamoja vikaingia kwenye TV. Mimi mwenyewe nilijikuta nasema bismillahi bila chuma mkononi, na pembeni yangu namsikia Mzee Kazungu yuko "uliye mbinguni."

Mtangazaji kwenye kioo akaendelea kusoma habari zake, uso mzima, tai imenyooka. Bi Zuhura akamtazama mpaka moshi ukapungua. Akachukua kikombe, akanywa kahawa, akamtazama tena.

"Hakimbii," akasema.

Hapo, nyuma ya pazia, pakapasuka kigelegele kimoja kirefu, chembamba, kisichoweza kungoja wakati wake. Ukumbi mzima ukageuka. Bi Rukia akashika kichwa, maana binti anayeposwa hatakiwi kusikika hata akikohoa.

"Nani huyo?" Bi Rukia akauliza kwa ukali.

Kisha sauti ndogo: "Abee, mama... ni TV."

Bi Zuhura akaweka kikombe chini, akatengeneza leso yake kichwani.

"Basi hiyo TV," akasema, "ndiyo tuliyoijia."